Vishoka wa alamu: Unamjua aliyeingia chumbani kwako?

MSIMU wa kahawa unapowadia huku kwetu Kagera, kila nyumba yenye kibanja hugeuka kuwa ghala. Kahawa huchumwa, huanikwa uani, jioni hukusanywa, na ikishakauka hutiwa kwenye magunia na kulazwa ndani, mara nyingi katika chumba kile kile wanacholala watoto. Hukaa humo mpaka siku chama cha msingi kitakapofungua mizani. Kwa wiki kadhaa, ada ya shule, mchango wa bima na bati za nyumba mpya vyote vimelala kwenye magunia yale.

Hakuna asiyejua kuwa wezi nao wanaijua kalenda hiyo. Tangu mwaka 2024, ambapo bei ya robusta katika soko la London ilipanda kufikia viwango ambavyo havikuwahi kuonekana kwa miongo kadhaa, gunia la maganda limekuwa mali ya kulindwa kama fedha taslimu. Wafanyabiashara wadogo wa Bukoba mjini, Kemondo, Kamachumu na Muleba mjini nao wana hofu yao. Wakala wa fedha za simu analala na salio la wateja, mwenye duka la pembejeo analala na dawa na mbolea za mamilioni, na mvuvi wa visiwani anailalia injini ya boti yake.

Kutokana na hofu hiyo, imezuka biashara mpya. Ni biashara ya kufunga alamu. Vijana wanapita na visanduku vyeupe, nyaya na ving'ora. Wengine ni mafundi hodari wenye mikono safi, na wengine ni watu waliotazama video mbili tatu kwenye simu kisha wakanunua bisibisi. Swali langu katika makala haya ni moja: mwananchi wa kawaida atawatofautishaje?

Yaliyonikuta Nshamba

Naandika nikiwa na kidonda. Mjomba wangu anaishi Nshamba, wilayani Muleba. Msimu mmoja aliniambia, "Mwanangu, wewe uko mjini na umesoma, nitafutie fundi wa hiyo mitambo ya kupiga kelele." Nikaenda duka moja mjini Bukoba, nikanunua kisanduku, na mwenye duka akanipigia simu kijana aliyesema ndiye huwafungia wateja wake. Tukapatana. Vifaa na ufundi viligharimu shilingi 420,000. Risiti niliyopewa ilikuwa ya kisanduku peke yake.

Kijana akafika, akapanda juu ya dari, akazunguka kila chumba. Aliuliza magunia yanawekwa wapi, nani analala upande gani na mlango wa uani unafungwaje. Yalikuwa maswali ya haki, kwani fundi hawezi kuweka kijicho cha kuhisi mwendo bila kujua anachokilinda. Alipomaliza alibonyeza kitufe, king'ora kikalia mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Sote tukacheka, tukamlipa.

Miezi miwili baadaye, usiku umeme ukiwa umekatika, mlango wa uani ulivunjwa na magunia saba yakaondoka. Alamu haikutoa hata mlio. Nilipomleta fundi mwingine aifungue, aliniorodheshea kasoro moja baada ya nyingine. Betri ya akiba ilikuwa imekufa siku nyingi, maana iliunganishwa vibaya na haikuwa ikichajiwa. Laini ya simu iliyomo ndani, ambayo ingempigia mjomba, haikuwa na salio. Namba ya siri ilikuwa ile ile ya kiwandani iliyochapishwa kwenye kitabu cha maelezo, ambayo kila mwenye kisanduku cha aina ile anaijua. Waya wa king'ora ulipita nje ya ukuta, mahali ambapo mtoto wa darasa la tano angeweza kuukata kwa wembe.

Nikarudi kwa mwenye duka. Akanijibu, "Sisi tunauza mzigo tu, habari za fundi ni zenu wenyewe." Namba ya kijana haikupatikana. Tulipokwenda kutoa taarifa polisi, askari alituuliza swali jepesi: "Huyo fundi anaitwa nani?" Nikajikuta nikitazama sakafu. Kwenye simu yangu nilikuwa nimemwandika "Fundi Alamu". Mjomba akanigeukia kwa upole uliouma kuliko tusi: "Mwanangu, umefika mpaka chuo kikuu, hukumuuliza jina la baba yake?"

Naomba nieleweke. Simtuhumu kijana yule kwa wizi, kwani sina ushahidi wowote. Huenda ni mtu mwema aliyefanya kazi mbovu kwa kutojua. Lakini hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Yeye kama hana hatia hana mahali pa kujisafishia, nami kama nina haki sina mahali pa kuidai. Hakuna daftari lolote ambalo jina lake limo.

Kwa nini soko peke yake haliwezi

Wapo watakaosema soko litajisahihisha lenyewe, kwamba fundi mbaya atakosa wateja na fundi mzuri atatajirika. Kwa bidhaa kama ndizi hilo ni kweli. Ukinunua mkungu mbovu leo, kesho utakwenda kwa muuzaji mwingine. Alamu si mkungu wa ndizi. Ubora wake hauonekani siku unapoinunua. Unaonekana usiku mmoja tu, na usiku huo ukifika umekwisha chelewa.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kuwa pale ambapo muuzaji anajua ubovu wa bidhaa na mnunuzi hajui, wauzaji wa bidhaa nzuri hukimbia soko, kwa sababu hakuna anayekubali kuwalipa bei inayostahili. Kazi hiyo ilimfanya awe miongoni mwa walioshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Mkulima wa Muleba hahitaji kusoma nadharia hiyo, maana ameiishi kwenye mbegu na dawa feki. Ndiyo sababu nchi yetu ina chombo cha kuthibitisha mbegu, TOSCI, na chombo cha kudhibiti mbolea, TFRA, ambacho kimetokana na Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Tulikubali zamani kwamba mkulima hawezi kuipima mbegu kwa macho. Basi na tukubali pia kwamba hawezi kuipima betri iliyofichwa ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa skrubu.

Tena alamu mbovu humletea mwenyewe hasara mara tatu. Kwanza amepoteza fedha za kuinunua. Pili, amelegeza ulinzi aliokuwa nao, kwa mfano kumwachisha kazi mlinzi au kuacha kuamka usiku. Tatu, amemfungulia nyumba mtu asiyemjua, akamwonyesha kila kona.

Kuna hasara ya nne inayowaangukia majirani. Kabla ya visanduku hivi, wazee wetu walikuwa na alamu yao, nayo ni enduru. Yowe likipigwa usiku kila mwanamume alitoka na alichonacho, na mtu hakupiga enduru kwa mchezo. Ulinzi huo wa jamii ulikuja kutambuliwa hata na sheria. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu nafasi ya kisheria, na kuanzia mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi lilianza kusukuma mpango wa polisi jamii. Nguvu ya mipango yote hiyo ni jirani kuamka. Sasa fikiria kisanduku kinachopiga kelele kila popo anapopita mbele ya kijicho chake. Siku ya kwanza majirani watakuja mbio, siku ya pili watakuja wakitembea, siku ya tatu watajigeuza kitandani. Fundi asiyejua kupima mahali pa kuweka kijicho anaiua enduru ya kijiji kizima.

Sheria zipo, lakini zimepishana

Si kweli kuwa nchi yetu haina utaratibu wowote. Tatizo ni kwamba fundi wa alamu anapita katikati ya sheria kama maji yanavyopita kwenye chekecheo.

Tuanze na umeme. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka anayefanya kazi za kufunga umeme awe na leseni ya EWURA, na leseni hizo zimepangwa kwa madaraja. Mwananchi aliyewahi kuomba kuunganishiwa umeme anajua kuwa TANESCO hawaji mpaka fomu ya wayaringi isainiwe na fundi mwenye leseni. Anajua pia ujanja uliopo, kwamba fundi asiye na leseni anafanya kazi, kisha anautafuta mhuri wa mwenye leseni ambaye hajawahi hata kuiona nyumba. Hao ndio vishoka, na Watanzania tumewazoea. Umeme wa REA ulipofika vijijini kwa gharama ya kuunganisha ya shilingi 27,000, nyumba nyingi ziliwashwa kwa muda mfupi, na kazi ya vishoka ikaongezeka. Kisanduku cha alamu kinaunganishwa kwenye umeme huo huo. Lakini kwa kuwa ndani yake kinatumia umeme mdogo wa betri, fundi anajiona hahusiki na leseni, hata kama ameunga waya zake kwenye meni swichi bila fyuzi.

Tuje kwenye mawasiliano. TCRA inatoa leseni za kufunga na kukarabati vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka vifaa hivyo vithibitishwe kabla ya kutumika nchini. Alamu yenye laini ya simu ni kifaa kinachowasiliana. Ni wangapi kati ya vijana wanaozifunga Bukoba waliowahi kuisikia leseni hiyo?

Tukija kwenye ulinzi, kwa miaka mingi kampuni binafsi za ulinzi nchini zimefanya kazi kwa vibali na usimamizi wa Wizara ya Mambo ya Ndani na Jeshi la Polisi. Mlinzi anayekaa getini na rungu anaulizwa ametoka wapi na nani anamdhamini. Fundi anayeingia hadi chumba cha kulala na kuondoka na ramani ya nyumba kichwani haulizwi na mtu.

Mwisho kuna kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahusu pia picha za watu. Fundi akifunga kamera dukani na kubaki na neno la siri kwenye simu yake, anaweza kumtazama mwenye duka akihesabu fedha kila jioni. Wengi hawajui kama wana haki ya kulibadilisha.

Kwa hiyo tuna EWURA, TCRA, Polisi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na halmashauri inayotoa leseni ya biashara. Kila mmoja ameshika kipande chake, na nyumba ya mjomba wangu haiko kwenye kipande cha mtu yeyote. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa washika ni watano na kinachoponyoka ni kimoja.

Wenzetu wamefanyaje?

Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2001 ya kusimamia ulinzi binafsi, ilimhesabu mfungaji wa vifaa vya ulinzi kuwa mtoa huduma ya ulinzi kama mlinzi mwingine yeyote, hivyo anapaswa kujiandikisha. Jirani zetu Kenya walitunga sheria yao mwaka 2016 na kuunda mamlaka ya kusimamia sekta nzima, wakiwemo wafungaji wa alamu na kamera. Uganda nao, kupitia kanuni za mwaka 2013, waliliachia jeshi la polisi jukumu la kusimamia mashirika ya ulinzi binafsi.

Uingereza imefuata njia inayonivutia zaidi. Sheria yao ya mwaka 2001 ilianzisha mamlaka inayotoa leseni kwa walinzi, lakini wafungaji wa alamu hawakuwekwa kwenye leseni ya serikali. Badala yake polisi waliweka sharti: ukitaka askari waje alamu yako inapolia, lazima iwe imefungwa na kampuni iliyokaguliwa na chombo huru kinachotambulika. Mfumo huo hupewa namba maalumu ya usajili, na ukitoa miito ya uongo kupita kiwango ndani ya mwaka, polisi huacha kuuitikia. Hakuna fundi aliyefungwa jela. Mteja mwenyewe ndiye anayemkwepa fundi asiyekaguliwa, kwa kuwa hataki kununua kelele isiyoitikiwa na mtu.

Marekani kuna mseto. Majimbo kama California yanatoa leseni kwa kampuni za alamu, mengine hayajali sana. Wanachofanana ni mzigo wa miito ya uongo, ambayo imekuwa zaidi ya asilimia 90 ya miito yote ya alamu inayopelekwa polisi. Mji wa Salt Lake City ulichoka, na mwaka 2000 ukaamua kuwa polisi hawatatoka mpaka mtu athibitishe kwa macho kuwa kuna tukio. Iwapo polisi wa Marekani wenye magari na mafuta wamechoshwa na popo na paka, sembuse mgambo wa Kamachumu anayetoka kwa miguu?

Leseni nayo ina gharama

Nikiwa mchumi sina budi kusema upande wa pili. Leseni si dawa isiyo na madhara. Fundi akilazimishwa kusafiri hadi Mwanza au Dar es Salaam, kujaza fomu za kurasa nyingi na kulipa ada kubwa, atafanya moja kati ya mambo mawili: ataacha kazi, au atajificha na kuendelea kuwa kishoka.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Fundi mdogo anafunga alamu kwa wateja 25 kwa mwaka. Kama kujiandikisha kutamgharimu shilingi 50,000, kila mteja atabeba shilingi 2,000, bei ya soda mbili tatu. Kama leseni, nauli na malazi vitamgharimu shilingi milioni moja, kila mteja atabeba shilingi 40,000. Mkulima mdogo ataishia kumfuata kishoka, na leseni itabaki kuwa pambo la kampuni kubwa za mijini. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mnyonge itakuwa imemsukuma gizani.

Hatari nyingine ni leseni kugeuka kitega uchumi. Tumeona mara nyingi kibali kinachotolewa bila mtu kupimwa ujuzi, mradi amelipa. Leseni ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inampa mwananchi imani ya uongo. Mhuri wa kukodishwa kwenye fomu ya wayaringi umetufundisha hilo.

Kwa hiyo mzani ni huu: utaratibu uwe mwepesi kiasi cha kumfikia fundi wa Muhutwe, na uwe mzito kiasi cha kumzuia tapeli.

Nini kifanyike

Nionavyo mimi, hatuna sababu ya kusubiri sheria kubwa ya taifa ndipo tuanze. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo. Manispaa ya Bukoba, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba zinaweza kukaa pamoja na kufungua daftari moja la mafundi wa alamu na kamera. Fundi aandikishwe kwa jina kamili, picha, kitambulisho cha taifa, barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakoishi, na uthibitisho wa polisi kuwa hana rekodi ya wizi. Ada iwe ndogo ya kulipia karatasi tu. Daftari libandikwe ofisi za kata ili kila mtu alisome.

Pili, ujuzi upimwe. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata mtaani bila kukaa darasani. Fundi wetu hahitaji miaka mitatu ya chuo. Anahitaji kupimwa siku moja au mbili: anajua kuunga betri ichaji? Anajua kuficha waya? Anajua kumfundisha mteja kubadilisha namba ya siri? Akifaulu apewe cheti, akishindwa aambiwe akajifunze nini. Mafundi wengi wazuri watafurahi, maana leo wanashindania bei na watu wasiojua tofauti ya chanya na hasi.

Tatu, muuza duka asiruhusiwe kunawa mikono. Anayemletea mteja fundi, na pengine kupata chochote kwa kazi hiyo, aandike jina la fundi kwenye risiti na awajibike pamoja naye kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Sharti hili ni dogo, lakini lingebadilisha mengi, kwa sababu mwenye duka ana mahali pa kupatikana na ana jina la kulinda.

Nne, tuige Uingereza kwa mtindo wetu. Kamati za ulinzi shirikishi za vijiji zitambue alamu zilizofungwa na mafundi walioandikishwa, na mwenye alamu inayolia ovyo aitwe na kuagizwa airekebishe kabla majirani hawajachoka.

Tano, vyama vya msingi vya ushirika viingie kazini. Chama kinaweza kumkodi fundi mmoja aliyeandikishwa, akafunga alamu kwenye ghala la chama na kwa wanachama wanaotaka, kwa bei ya pamoja na mkataba mmoja wa matengenezo. Mkulima mmoja akilalamika hasikiki. Chama chenye wanachama mia tatu kikilalamika, fundi hataizima simu. Tumeizoea hoja hii kwenye ghala. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilimtaka mwendesha ghala awe na leseni, kwa sababu anashika mali ya wengine. Mfungaji wa alamu anashika siri ya mali hiyo hiyo.

Na kwa upande wa taifa, wabunge wetu wa Kagera wahakikishe kila sheria ya sekta ya ulinzi binafsi inamtaja mfungaji wa alamu kwa jina, na inatenga daraja la fundi mdogo lenye masharti anayoyaweza. EWURA na TCRA nao wakae meza moja, waseme kwa Kiswahili chepesi nani anahusika na kisanduku kile cheupe.

Wakati tukisubiri

Mkulima mwenzangu, na wewe mwenye duka, serikali ina mwendo wake na msimu una mwendo wake. Kabla hujamruhusu fundi apande darini kwako, fanya haya.

Mwombe kitambulisho, mpige picha akiwa nacho, na uandike majina yake yote matatu. Fundi mwaminifu hatakasirika. Mwulize nyumba mbili alizofunga alamu zaidi ya mwaka mmoja uliopita, uende ukawaulize wenyewe.

Andikianeni mkataba hata wa ukurasa mmoja wa daftari, mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji: vifaa gani, bei gani, atarudi kukagua lini, na ikiharibika nani atalipa.

Usilipe fedha zote siku ya kwanza. Bakiza hata robo mpaka wiki mbili zipite.

Akimaliza, zima meni swichi mbele yake, kisha ijaribu alamu. Huku kwetu umeme hukatika na LUKU huisha usiku wa manane. Alamu inayolala umeme unapolala haina maana. Rudia jaribio hilo kila mwezi.

Badilisha namba ya siri mwenyewe akiwa ameshaondoka, na uangalie namba ya kwanza kupigiwa ni yako au ni yake. Weka salio kwenye laini ile kama unavyomwekea mtoto aliyeko bweni.

Mwisho, alamu isikuondolee mbwa, kufuli wala jirani. Kazi yake ni kuwaamsha watu, na watu ndio wanaomfukuza mwizi.

Mjomba wangu hajanunua alamu nyingine. Msimu uliofuata alihamishia magunia chini ya kitanda chake, akalala na panga ubavuni, na umri wake umepita miaka sabini. Kila nikienda Nshamba namkuta macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kila mara hunitania kama nimeshalipata jina la fundi wangu. Natamani siku moja nimjibu kuwa limo kwenye daftari, ofisi ya kata, ukurasa fulani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo anayeishi Bukoba. Maoni haya ni yake binafsi.